Nyasi Zinazotazama Jikoni

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba baba yangu, Kapteni Oyat, aliyeko Mogadishu akilinda amani ya watu wengine, alinijengea uwanja wa mpira nyuma ya nyumba yetu ya Kasubi. Aliuagiza kwa simu. Sababu zake zilikuwa za kiusalama: nisirudi tena kucheza kule kambi ya polisi tulikohama, ambako alidai najifunza uhuni. Huo ni uongo. Mimi ndiye niliyekuwa naufundisha.

Shule ilipofungwa nikatoka bwenini, penye wavulana wanaokoroma kama kwaya, nikaingia kwenye nyumba yenye ukuta mrefu, mbwa mmoja na mama mmoja. Mama yangu, Afande Aryemo, hutoka alfajiri na sare yake imenyooka, hurudi jioni sare ikiwa bado imenyooka lakini yeye amekunjamana. Mbwa hapendi mpira. Nilimuuliza.

Kwa hiyo mafundi walipokuja niliwapokea kama ujumbe wa serikali. Walikuwa mume na mke, Wakongo wa Bukavu. Papa Augustin alisawazisha ardhi na kushindilia vumbi la mawe hadi likawa gumu kama sakafu. Mama Pélagie, aliyewahi kushona nguo katika soko la Owino, alisimamia maungio ya mazulia ya nyasi bandia.

"Président," Papa Augustin aliniita tangu siku ya kwanza, "leta koleo."

Nikawa rais wa koleo. Mchana walipika sombe ya majani ya muhogo na ugali wao wa fufu kwenye sigiri ya makaa kando ya ukuta, nami nilikaribishwa. Walibishana kwa sauti kubwa kuhusu chumvi, kuhusu binamu fulani, kuhusu nani alikoroma. Nilikula polepole sana, kwa makusudi.

Mama Pélagie ndiye aliyenifunza siri ya kazi. Nyasi zile, alisema, zinalala upande mmoja kama nguo ya mahameli. Vipande vyote sharti vitazame nyumba, ili mtu akisimama jikoni aone kijani kimoja. Kimoja kikigeuka, kitaonekana cheusi, kama kiraka. Ndiyo maana alichora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande kabla ya kukitandaza.

Kisha Papa Augustin akatamka maneno ya huzuni: "Leo tunamaliza."

Kilibaki kipande kimoja, bado kimeviringishwa. Walipokwenda kunawa, kamati yangu ya mizaha, ambayo mwenyekiti, katibu na wajumbe wake wote ni mimi, ilikutana kwa dharura. Nilifuta mshale, nikachora mwingine unaotazama ukuta, nikaligeuza lile zulia na kulisukuma hadi mwisho wa pili wa uwanja, ili mshale wangu utazame nyumba. Wakarudi, wakalitandaza, wakabandika.

Papa Augustin alipanda ngazi ya jikoni ili aisifu kazi yake. Ukingoni palikuwa na mstari mweusi mrefu.

"Mama!" alimfokea mkewe. "Macho yako yalienda wapi?"

"Yako hapa."

"Basi yalilala! Mahameli unaijua, hii hauijui? Sasa ni kung'oa, na gundi ingine, na kesho kurudi!"

Kesho kurudi. Kamati ilitakiwa kupiga makofi. Lakini walipokuwa wanang'oa kipande, Mama Pélagie aliuona mshale wangu. Mishale yake ni mistari mitatu tu. Wangu ulikuwa na manyoya mkiani, kazi ya msanii. Akaniangalia, kisha akaupangusa kwa kiganja.

"Ni kosa yangu," akamwambia mumewe.

Sikula vizuri usiku ule.

Kesho yake walirudi, kama nilivyopanga, na ikawa siku mbaya. Hakuna aliyebishana kuhusu chumvi. Papa Augustin alikagua kila alichokishika mkewe, mara mbili, kama mwalimu wa zamu. Nikachuchumaa kando ya Mama Pélagie akipaka gundi.

"Kwa nini, weye?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nilitaka mrudi."

Aliendelea kupaka. "Ungesema tu: 'Mama, kesho mje tule.'"

"Mngekuja?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Hapana. Tuko na kazi Entebbe."

Nilisimama, nikaenda kwa Papa Augustin, nikamweleza mshale ulichorwa na nani. Akamgeukia mkewe.

"Na weye ulinyamaza?"

"Ulikuwa unapiga kelele sana. Ningesemea wapi?"

Papa Augustin akakohoa. Baadaye nilimwona akimbebea ndoo ya gundi, jambo ambalo hakulifanya siku zote zilizopita. Mimi hakuniita Président tena. Nilivuliwa madaraka bila uchaguzi.

Alasiri walimwaga mchanga na kuuingiza kwa fagio katikati ya nyasi. "Mchanga unataka miguu," Mama Pélagie aliniambia langoni. "Kanyaga kila siku, pembe zote, ushuke vizuri." Akanishika bega. Wakaondoka na toroli lao.

Nilikanyaga pembe zote. Nilicheza timu zote mbili na kuwa mwamuzi. Nilijionyesha kadi ya njano kwa utovu wa nidhamu, na sikukata rufaa.

Jioni mama yangu aliingia, akasimama jikoni akiwa na buti zake.

"Kumbe wamemaliza. Ni mzuri."

"Afande, kuna agizo la mafundi," nikasema. "Uwanja huu sharti ukanyagwe na watu wawili. Mmoja akikanyaga peke yake, mchanga unalala vibaya."

"Watu wawili."

"Ndivyo walivyosema."

Aliniangalia kwa yale macho ya kuhoji washukiwa. Halafu akaketi ngazini, akafungua kamba za buti, akashuka na soksi zake. Tulizunguka uwanja bila mpira, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye pembe ya mbali alisimama, akafumba macho, nikadhani anasali. Alikuwa anasinzia.

"Inatosha?" akauliza.

"Bado upande huu."

Akamaliza na upande ule. Kisha akaokota buti zake.

"Kesho niko zamu ndefu, Ojera. Waambie mafundi wako."

"Nitawaambia."

Taa ya chumba chake iliwaka, ikazimika. Nikaendelea na pembe zilizobaki.