Kiwiliwili Kisicho na Jina

Mume wangu Anselme hushika viuno vya wanawake kutwa nzima, na hilo nilishalizoea. Ndiyo kazi yetu. Yeye hupima na kukata, mimi nashona koseti, vazi la kubana kiuno, napenyeza mifupa ya nyangumi kwenye mishono na kukaza kigwe mgongoni mpaka mteja apumue kwa shida. Mke wa fundi koseti hapa Lyon akiwa na wivu wa kila siku, atakufa kijana.

Lakini juzi nilifungua kabati la nyuma kutafuta kitani, nikakuta kiwiliwili nisichokijua.

Kila mteja wetu mkubwa ana kiwiliwili chake cha mbao, kimefungwa pamba mpaka kikapata umbo lake, na jina lake limebandikwa shingoni. Hiki hakikuwa na jina. Kiuno chembamba, kifua cha msichana, nyonga ya kushoto imepanda kidogo. Kilivikwa koseti ya hariri iliyokaribia kukamilika, mishono yake midogo mno, ya mkono wa Anselme. Mimi hajawahi kunishonea hata leso.

Nilihisi moto kifuani. Migongo ya wateja wetu naijua hata nikifumba macho, basi nikaipitia mmoja mmoja. Madamu Fourcade ana mafuta mbavuni. Binti wa mwanasheria hana nyonga kabisa. Akabaki Delphine, mjane wa muuza hariri, anayechekacheka kila Anselme akimzungushia futi ya kupimia. Nilimchukia yeye na manukato yake.

Jioni nilizidisha chumvi kwenye supu ya vitunguu kwa makusudi. Anselme akala vijiko viwili, kisha akauliza kama nina homa. Nikaenda kabatini, nikakibeba kile kitu na kukitua mezani, kando ya jibini.

"Delphine amekonda lini?"

"Delphine gani?"

"Usinifanye mtoto, Anselme. Huyu ni nani?"

Akaweka kijiko chini, masikio yamemwiva. Akasema ilikuwa zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yetu, na nimeiharibu kwa pupa yangu.

"Ni wewe, Clothilde," akasema. "Siku nilipokupima gauni la harusi. Mikono yangu haijasahau."

Nikajipapasa nyonga ya kushoto. Kweli, imepanda. Mimi ninayefunga migongo ya nusu ya mji, wangu sijawahi kuuona.

Mwanamke mwenye akili angelia kwa furaha. Mimi nilikitazama kiuno kile, nikatazama changu kilichobeba watoto watano, na wivu ukazidi kupanda.

"Na hii koseti," nikamuuliza, "ataivaa nani?"

Anselme akakitazama kiuno changu. Fundi mzima, anayempima upya kila mteja kila msimu, ndipo alipogundua kwamba mimi mkewe hajanipima tena tangu harusi.

Delphine ningemfungia mlango wa duka, yakaisha. Huyu msichana wa mbao nitamfukuza vipi? Mume wangu alimpenda kabla yangu, na bado anampenda.