Mwaliko wa Emil Swoboda

Jumanne asubuhi Loretta Swoboda alikuta barua ya kasino kati ya bili ya gesi na tangazo la matairi. Ilimwalika mumewe Emil kula nyama na viazi siku ya Ijumaa, bure, na kulala chumba kinachotazama bahari. Emil alikuwa amekufa mwaka juzi, mwezi wa Machi. Ijumaa ilipofika, Emil alikwenda.

Loretta alijua kosa ni lake. Wacheza kamari wa Atlantic City hufunga kadi ya kasino, ile inayohesabu michezo yao, kwenye kifungo cha shati kwa uzi wa plastiki, naye, katika pilikapilika za mazishi, alimzika mumewe bila kuiondoa. Kompyuta ya kasino haikuona sababu ya kumfuta.

Loretta alimfuata, akamkuta kwenye mashine yake ya kamari ya siku zote, amepauka kidogo, viatu vina udongo.

"Umechelewa," Emil alisema. "Supu imepoa."

Bwana Furlong alikuja kuwasalimu. Kazi yake ilikuwa kuwakumbuka watu ambao kasino ilikwisha kuwakamua, na aliifanya kwa upole unaotia kichefuchefu. Alimuuliza Emil habari za goti lake.

"Mwacheni apumzike," Loretta alisema. "Msimwite tena."

"Mama, anayetaka kujitoa kwenye orodha huja mwenyewe na kutia sahihi."

"Emil, tia sahihi twende nyumbani."

"Nyumbani ndiko nilikofia," Emil alisema. "Hapa wananiuliza hali."

Loretta alilia kidogo, maana alikuwa amemkumbuka sana. Furlong alimpa leso yenye nembo ya kasino, akamweleza kwamba mwaliko hukatika pasipo mchezo, na marehemu hana akaunti benki. Lakini mke akicheza kwa kadi ya mume, Emil ataendelea kualikwa kila Ijumaa.

Loretta hakuwa amegusa mashine tangu msiba. Alimwapia binti yao Noreen, aliyehamia ghorofa ya juu ya nyumba yao na watoto wawili, kwamba hatagusa tena. Emil alikuwa amekula kila kitu kwa kamari isipokuwa nyumba ile, na aliiacha kwa sababu tu hati ilikuwa na jina la mkewe.

Furlong alivuta kiti, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Loretta akakaa. Bega la mumewe lilikuwa baridi, lakini lilikuwa bega lake.

"Nyumba bado ipo?" Emil aliuliza, macho kwenye mashine.

"Ipo."

"Vizuri," alisema, akamsogezea supu.