Dawa Iliyolala Kiwandani

Kwa maneno ya mama mmoja mfugaji, Watiri, yeye hakuambiwa na mtu, alijionea kwa macho yake mawili. Alikuwa akikata nyasi ya ng'ombe kando ya barabara pale Tetu, akamwona nesi wa zahanati akiingia kiwanda cha maziwa na sanduku la chanjo ya korona, akatoka mikono mitupu.

"Sasa hiyo dawa imeenda wapi?" Watiri aliuliza kila aliyekutana naye. "Imewekwa kwa maziwa lala! Wameona tunaogopa sindano, ati sasa tuimeze na ugali."

Uongo wa Watiri ulikuwa na miguu, maana sanduku liliingia kweli. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo ya stima na friji ya zahanati ikazima. Nesi Mwende, aliyetoka Ukambani kuja kufanya kazi huku, akapigia kaunti simu. Akaambiwa gari liko, mafuta ndiyo hakuna, angoje. Lakini chanjo haijui kungoja. Ikipata joto ni ya kumwagwa, na wazee waliokubali kwa shida kudungwa kesho yake wangerudi nyumbani bila kinga, tena wasije siku nyingine.

Ndipo Ngendo, msichana anayeshika ufunguo wa friji ya maziwa lala, yaani mtindi, aliposikia shida hiyo akamwendea mwenyekiti wa kiwanda, Mzee Gathogo.

"Sisi tuko na jenereta, Mzee. Tuwasaidie."

"Na wakulima wakisikia? Watapeleka maziwa kwingine, mtoto wangu. Tufunge?"

"Wakikasirika, waje kwangu."

Gathogo akamtazama. Ngendo hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa hiyo lile neno moja lilikuwa na uzito. Akakubali.

Asubuhi mitungi ya maziwa ilijaa langoni, lakini hakuna aliyemimina hata tone. Watiri alikuwa mbele, mikono kiunoni.

"Ngendo, ulitaka kutudunga kupitia tumbo?"

Watu wakaguna. Mwende alitaka kueleza, Ngendo akamshika mkono taratibu. Watu hawa alikuwa amekua akiwaona. Aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akapanda juu ya kreti.

"Mama, dawa ililala kwa friji yetu, sikatai. Lakini maziwa lala niliyatoa yote, yakalala kwetu jikoni ndani ya karai la maji baridi. Kila mmoja na kitanda chake. Mimi ni msichana wa kanisa, ningewaachaje walale pamoja?"

Mzee mmoja akaangua kicheko mpaka fimbo ikamponyoka.

"Na wangelala pamoja wangezaa nini?"

"Ndama na barakoa yake!" mwingine akajibu, na lango zima likacheka.

"Basi yanywe tuone," Watiri akasema, ingawa mdomo wake ulikuwa umeanza kumsaliti.

Ngendo akajaza kikombe, akanywa mpaka mwisho, akajipangusa. Kisha akakunja mkono wa sweta. "Nesi, anza na mimi."

Gathogo akawa wa pili. Watiri alisema amekuja kuangalia tu, lakini jua lilipopanda alikuwa kwenye foleni, akinung'unika kwamba inaenda polepole. Siku ile Tetu haikumwaga chanjo wala maziwa. Watu walirudi kwao wakitembea kifua mbele, kama waliotoka kushinda kesi.

Gari la kaunti lilifika baada ya saa sita. Ofisa mmoja, Moffat, akashuka kuja kuokoa chanjo, akakuta sanduku tupu.

"Mmetupatia sifa!" akasema, akimpa Ngendo kiwiko badala ya mkono. "Njoo tukupige picha na hiyo friji, kule ofisini wakuone."

Ngendo akasimama kando ya friji, wima, mabega nyuma.

"Bwana ofisa, leo tumeweza. Lakini zahanati haiwezi kutegemea friji ya maziwa. Tuwekeeni jenereta yake. Mtaileta lini?"

"Sogea kidogo," Moffat akasema, simu ikiwa mbele ya uso wake. "Unaziba mlango wa friji."

Ngendo hakusogea. Alimwangalia, akingoja.