Kilo za Mwau

Daktari Gachau hakuzunguka. Alimwambia Katunge kwamba damu yake inalingana na ya kaka yake, kwamba figo zake zote mbili ni nzima, na kwamba hata hivyo hawezi kumruhusu atoe moja.

"Wewe ni mzito sana, mama," alisema. "Na presha iko juu. Nikikupasua hivi, nitabaki na wagonjwa wawili."

"Nikipunguza?"

"Ukipunguza, na presha ishuke ikae huko chini, rudi tuongee. Lakini sitaki ile ya kujifungia njaa wiki mbili halafu unakuja hapa ukitetemeka. Nataka mwili wenyewe ubadilike."

Mwau alikuwa ameketi nje kwenye benchi, kofia magotini, mkono wa kushoto umefungwa bandeji pale sindano za mashine zilipopita. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Makongeni, Thika, mpaka figo zake zilipokufa. Sasa alikuwa akija kuoshwa damu mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki alilala. Katunge alimweleza alichoambiwa. Mwau akacheka kidogo.

"Basi nimekwisha. Wewe uache chapati?"

"Nitaacha."

"Katunge, wewe?"

"Nimesema nitaacha, Mwau."

Kabla ya siku hiyo hakuwa amewahi kuusumbukia mwili wake. Alikuwa na kibanda cha chakula Ruiru, karibu na mahali mafundi wa mjengo wanaposubiri kazi asubuhi, na mwili huo ulikuwa kama bango la biashara. Wateja walipenda kusema huyu mama anakula anachopika. Mama yao mzazi naye alikuwa mkubwa hivyo hivyo. Sukari ilimla mguu kwanza, kisha ikammaliza, na Katunge ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani miezi ya mwisho. Aliyaona yote hayo kwa macho yake. Hata hivyo kila nesi aliyempima presha na kumwambia apunguze alijibiwa ndiyo, na Katunge akarudi nyumbani akapakua sahani kama kawaida. Kujifanyia mwenyewe jambo lolote gumu hakukuwahi kumwingia akilini. Lakini kwa Mwau, mtoto aliyemlea mgongoni wakati mama yao akiwa shambani Yatta, alianza kesho yake.

Alikuwa akitoka alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, akishika barabara ya Kamiti pembeni mwa mashamba ya kahawa. Mwanzoni alifika kwenye kona ya kwanza tu, akasimama ameshika kiuno, huku wanafunzi wakimpita wakinong'onezana. Viatu vilimchubua. Mapaja yalichomana mpaka akajifunza kupaka mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Mvua ilipokuja, tope jekundu lilimng'ang'ania miguuni na bado alikwenda, amejifunika karatasi ya nailoni.

Kutembea kulikuwa afadhali. Kazi ilikuwa pale kibandani. Mtu aliyeambiwa na mtaalamu wa lishe ajaze sahani mboga za managu na terere, ugali uwe kipande, alikuwa akishinda mbele ya kikaango akigeuza chapati, moja baada ya nyingine, harufu ikimpanda puani, akiwa na njaa. Alitafuna karoti. Alikunywa maji mpaka tumbo likalia kama mtungi. Siku moja Dalmas, mume wake, alipita kibandani akitoka mjengoni akamkuta ameketi nyuma ya pazia akilia, ameshika nusu ya chapati aliyobakisha mteja.

"Mama Lenny, kula tu," alimwambia. "Hiyo moja haiwezi kuua mtu."

"Nikila hii nitakula zote."

Dalmas akaichukua mkononi mwake, akaila yeye mwenyewe hapo hapo, haraka, bila kuifurahia. Hakuwa ameipenda safari hii tangu mwanzo. Kwao Kakamega mke anayekonda ni aibu ya mume, na wenzake kazini walishaanza kumuuliza kama siku hizi wanalala njaa. Lakini tangu siku hiyo hakumwambia tena ale.

Nguo zilianza kumlegea. Katunge alifurahi, lakini wengine waliona vingine. Beth, jirani yake aliyekuwa akiuza mboga, alimsogelea siku moja akijifanya anapanga nyanya.

"Mimi nakwambia ndio usisikie huko nje," alisema. "Watu wanaongea."

"Wanasema nini?"

"Wanasema uko na ule ugonjwa. Na chakula yako, sasa… unajua watu."

Alijua. Benchi lililokuwa likijaa saa ya mchana lilikuwa na watu wawili watatu. Mafundi walikuwa wamehamia kibanda cha ng'ambo. Angeweza kuwaeleza, lakini Mwau alikuwa amemwomba asitangaze shida zake, kwa hiyo alimjibu Beth kwamba ni kutembea tu, na Beth akaitikia kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Jumapili baada ya kanisa alikuwa akienda Thika. Mwau alikuwa akimngoja mlangoni, au ikiwa ni siku mbaya, ndani kwenye kiti, na jambo la kwanza lilikuwa kumtazama toka juu mpaka chini.

"Umeshuka tena."

"Kidogo."

"Na presha?"

Katunge akamwambia ilivyosomwa. Mwau alitaka kujua kila kitu. Anatembea mpaka wapi siku hizi? Magoti bado yanamuuma? Anapata usingizi? Usoni mwake, uso uliokuwa umevimba na kuwa wa rangi ya majivu, kulikuja furaha ambayo Katunge hakuwa ameiona tangu augue. Alidhani ni furaha ya mtu anayehesabu siku zake za kupona. Aliona pia kwamba pumzi ya Mwau inazidi kuwa fupi, kwamba sasa analala ameegemea mito, na kwamba Waruguru, mke wake, alikuwa akitoka nje mazungumzo hayo yakianza. Yote hayo alidhani yanatokana na figo. Akarudi Ruiru akaongeza mwendo.

Ulipita mwaka na zaidi kidogo. Asubuhi moja mtaalamu wa lishe alimtoa kwenye mizani, akampima presha mara mbili, akamshika mkono. Uzito ulikuwa umefika pale daktari alipotaka na ulikuwa umekaa hapo kwa miezi. Katunge alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi za kliniki.

"Mwau, imefika. Nimeambiwa imefika."

Upande wa pili Mwau alikohoa.

"Umenisikia?"

"Nimesikia," Mwau alisema. "Ni vizuri. Ni vizuri sana, mwanaa mwaitu."

Mtoto wa mama yangu. Alikuwa hajamwita hivyo tangu walipomzika mama. Katunge alidhani analia kwa furaha, akamwachia nafasi.

Lakini kila aliposema waende kwa daktari, Mwau alikuwa na neno. Wangoje mvua iishe. Wangoje Pasaka ipite. Leo hajisikii vizuri. Mwishowe Katunge alikwenda bila kumwambia. Alifunga kibanda siku ambayo Mwau alikuwa na miadi ya kumwona daktari, akamkuta na Waruguru nje ya mlango wa Gachau, na waliitwa kabla Mwau hajapata la kusema.

Daktari alimtazama Katunge kwa muda kabla ya kumtambua.

"Ni wewe? Umefanya kazi kubwa. Wengi hawafiki."

"Sasa tunaanza lini, daktari?"

Gachau akamtazama Mwau. Mwau alikuwa akitazama sakafu.

"Hukumwambia?"

Mwau aliigeuza kofia yake mikononi. Waruguru alikuwa tayari ameshika leso mdomoni.

Daktari alieleza polepole, kama anayechagua pa kukanyaga. Moyo wa Mwau ulikuwa umedhoofika. Walimpima mwaka uliopita, wakarudia kumpima. Moyo huo usingestahimili upasuaji, na hali yake haikuwa ya kupona. Kilichobaki ni mashine, kwa muda utakaowezekana. Mwau alikuwa ameambiwa, na akasema ataiarifu familia mwenyewe.

"Mwaka uliopita wakati gani?" Katunge aliuliza.

"Katikati hapo."

Katikati hapo yeye alikuwa bado hajamaliza hata nusu ya njia.

Walikaa nje kwenye benchi. Waruguru alikwenda kutafuta maji ambayo hakuna aliyeyataka. Katunge alitazama mikono yake. Mifupa ya vidole ilikuwa inaonekana siku hizi.

"Ulinitazama tu," alisema. "Kila Jumapili. Nakuja kwako na njaa, unaniuliza presha, unanitazama tu."

"Ningekwambia ungeacha."

"Ndiyo, ningeacha. Si ni wewe nilikuwa nakufanyia?"

"Ndio hiyo." Mwau alivuta pumzi, akangoja kifua kitulie. "Ulikuwa umeanza kushuka. Presha imeshuka. Nikaona mama, ule mguu wake. Nikasema mimi nimeshaenda, hii kitu si isaidie hata mmoja wetu."

"Hukuniuliza."

"Ungekubali?"

"Hukuniuliza, Mwau."

Alisimama akaondoka peke yake. Alipofika Ruiru hakwenda nyumbani. Alifungua kibanda, akawasha jiko, akakanda unga, akasukuma chapati na kuzila moto moto amesimama, mpaka tumbo lililokuwa limesahau likamkatalia, akatoka nje akatapika nyuma ya kibanda. Beth alimwona. Alimletea maji bila kumuuliza lolote, lakini jioni habari ilikuwa imeshafika ng'ambo ya barabara.

Katunge hakwenda Thika Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Dalmas ndiye aliyemwambia aende. "Hasira utabaki nayo," alisema, "lakini huyo hutabaki naye." Akaenda.

Mwau alikuwa amewekewa kitanda karibu na dirisha. Miguu ilikuwa imejaa maji na kucha zake zilikuwa nyeupe. Waruguru aliwaacha peke yao. Waliongea habari za Lenny huko shuleni, na za shamba la Yatta ambalo hakuna aliyekuwa akililima. Kisha Mwau akamshika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole vyake, na vidole vikakutana.

"Usirudi kule," alisema. "Niahidi tu hiyo. Utaendelea kutembea."

Katunge alitaka kumwambia ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na kila nesi aliwahi kulipata bure. Lakini huyu hakuweza kumdanganya.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nimejua kwa nini naamka. Sasa sijui. Usinifunge na ahadi, Mwau. Tafadhali."

Mwau aliitikia kwa kichwa, kama aliyekuwa ametarajia hivyo, na akaufumba mkono wake juu ya ule wa dada yake. Hawakuongea tena juu ya jambo hilo.

Mwau alikufa mwezi wa Juni, baridi ikiwa kali, kwenye kiti cha mashine, kabla hawajamaliza kumwosha damu. Walimzika Yatta pembeni mwa mama yao. Wanawake wa ukoo ambao hawakuwa wamemwona Katunge kwa muda mrefu walimshika mabega, wakamgeuza huku na huku, wakamwonea huruma. Walidhani huzuni ndiyo iliyomkondesha. Mmoja alimletea sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, yenye nyama juu na kumsimamia mpaka akaimaliza.

Kibandani alirudi kazini baada ya mazishi. Viatu vya kutembea vilibaki chini ya kitanda. Haikuwa kwamba aliamua kuacha. Alfajiri ilikuwa ikifika, macho yalikuwa wazi, na hakuna kilichomnyanyua. Alijua yote ambayo daktari angemwambia. Alijua mguu wa mama ulivyonuka. Alijiambia kwamba Lenny bado anamhitaji, kwamba ana miaka mingi mbele, na maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa na nguvu ya kumtoa kitandani. Alianza kuonja ndengu wakati wa kupika, kisha kula na wateja. Mikanda iliyokuwa imeongezwa matundu ilirudi kwenye matundu ya zamani. Benchi nalo likaanza kujaa. Mafundi walirudi, wakamwambia siku hizi anapendeza, ule ugonjwa ulikuwa umemshika vibaya. Aliwapakulia.

Asubuhi moja mwezi wa Septemba Dalmas alimwamsha. Alikuwa ameshavaa koti na viatu vyake vya kazini. Vile vya Katunge alikuwa amevifuta tope na kuviweka kando ya kitanda.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Si ile njia yako. Twende wote. Mimi pia tumbo limekuja."

Katunge alikaa kitandani. Alimtazama mtu huyu ambaye mwaka mzima alikuwa amezichukia safari hizo, na akaona jinsi alivyojitahidi, hata kamba za viatu alikuwa amezilegeza. Wiki ile nesi alikuwa amempima presha, akaipima tena kabla ya kuitamka. Dalmas alikuwepo.

"Niende nikamfanyie nani, Baba Lenny?"

Dalmas aliinama akazikaza kamba za viatu vyake. Katunge alilingoja jibu kwa dhati, kwa sababu kama kulikuwa na mtu wa kumpa, ni yeye. Mwishowe Dalmas alisema, "Mimi sijui kuongea hizo vitu."

Akatoka peke yake. Katunge alisikia geti likifunguka, na hatua zake nzito zikielekea upande wa mashamba ya kahawa. Alipoacha kuzisikia, aliinuka, akafunga leso, akaenda kupima unga wa chapati za siku hiyo.