Onja Wewe Kwanza

Mimi Veneranda nauza ulanzi, pombe ya mianzi, kijijini kwetu, njia ya kwenda Idodi, na watu husema nina mdomo. Ninao, sikatai. Siku polisi walipokuja kutufanyia zoezi la kuokoa mateka, mdomo huo nusura unigombanishe na serikali.

Jambazi wa zoezi alikuwa Koplo Asukile, kijana wa Mbeya, mtanashati, ametoka moja kwa moja lindoni na bunduki yake. Wakatafuta raia wa kuwa mateka. Nani kanyoosha mkono? Binti yangu Eveline! Na rangi ya mdomo kajipaka, utadhani anakwenda kupiga picha ya harusi. Akakalishwa kwenye kiti mbele ya duka la Ramesh, kijiji kizima kikishangilia.

"Nikihesabu tatu nafyatua," Asukile akatangaza. "Italia kah! tu. Eveline, wewe unaanguka." Akaielekeza kichwani kwa mwanangu.

Jamani, damu ilinichemka. "We Afande! Hebu ishushe hiyo!"

"Mama, ni maigizo tu. Magazini nimeshaitoa, hii hapa mfukoni. Bunduki haina kitu."

"Nani kaihakikisha?"

"Mimi mwenyewe."

"Mama, unaniaibisha," Eveline akasema, kanuna. Watu wakacheka. Ramesh naye, mlangoni kwake: "Dada Vene, waache wafanye kazi yao." Nikasema moyoni, leo namkomesha mtu.

"Afande, huku kwetu Uheheni anayemkaribisha mgeni ulanzi huonja kwanza yeye, mgeni ajue hauna sumu. Kwenu Mbeya sijui mnanyweshanaje. Sasa hicho chako umemkaribisha mwanangu. Basi onja wewe kwanza. Jielekezee kifuani, ufyatue."

Kicheko kilichopigwa hapo! Hata Asukile alicheka, akaigeuza bunduki, mdomo wake ukamwelekea kifuani. Nami, kusema kweli, nilikuwa namchokoza tu. Sikudhani ina kitu.

Mkono wake ukasita. Kicheko kikamkauka. Akaielekeza bunduki chini, akavuta kile chuma cha ubavuni. Risasi ikaruka, ikadondoka vumbini karibu na viatu vya Eveline.

Eveline akaitazama, kisha akaanza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni. Nikamkumbatia, nikamgombeza, nikamkumbatia tena.

Mkuu wao akaja mbio, akamnyang'anya Asukile bunduki, zoezi likaishia hapo. Watu walipotawanyika, yule kijana akaja akaketi kwenye benchi langu.

"Mama, naomba ulanzi. Nilisahau kuwa hata magazini ikitoka, risasi moja huweza kubaki ndani ya bunduki."

"Ulisahau!"

Nilikuwa na hasira ya kummwagia kopo zima usoni. Nikalijaza, nikaonja kwanza mimi, ndipo nikampa.