Jina Lililosimamisha Gitaa

Wimbo ulivunjika pahali palepale kila jioni. Chrispine alianza vizuri, kidole gumba kikigonga nyuzi nene kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, kidole cha shahada kikidonoa nyuzi nyembamba, kisha sauti yake nzito ikaingia juu: "Njia ni ndefu..." Halafu likaja jina. "Nasambu," akaimba, na mkono ukasimama kama punda aliyekataa daraja.

Nyuma ya pazia la jikoni, Wakesho alikuwa akichambua mchicha. Mkono wake nao ukasimama.

Mara ya kwanza hakulishuku jina. Mtu anayejifunza gitaa hukosea, na mumewe alikuwa amelinunua juzijuzi tu, baada ya Pasaka, kwa fundi mwenzake aliyehamia Taveta. Lakini makosa ya mwanafunzi hutangatanga: leo hapa, kesho kule. Wakesho alifundisha watoto wa chekechea na makosa aliyajua kwa sura. Kosa hili halikutangatanga. Lilikuwa na makao.

"Nasambu ni nani?" aliuliza kutoka jikoni, sauti ameilainisha kama anayeuliza chumvi.

"Ni jina tu. La wimbo."

"Na mbona likifika unaacha kupiga?"

Chrispine alicheka, ila kicheko kilichelewa. "Mwalimu, hujui kazi yenyewe. Jina linaangukia katikati ya gumba na kidole. Mdomo unatangulia, mkono unabaki nyuma. Kupiga naweza. Kuimba naweza. Kuviunganisha ndiyo kuna shida."

"Kwa jina hilo peke yake?"

"Ukitaka kujua, shika wewe uimbe."

Alisema kwa utani, kisha akatoka nje kupokea simu. Siku hizi simu zake zote zilikuwa na kiu ya hewa safi.

Walikuwa wameishi pamoja Mwakingali, hapa Voi, tangu Chrispine alipoajiriwa kutengeneza mashine katika shamba moja la mkonge upande wa Mwatate. Kwao Chrispine ni Kimilili, huko magharibi, mbali kiasi kwamba Wakesho hakuwahi kufika, na hilo pia lilianza kumwasha. Jumamosi ya wiki iliyofuata, wajomba wa Chrispine wangeshuka kutoka huko, wapande milima hadi Werugha kwa baba yake Wakesho, waseme neno la ndoa. Baba hakuwa mtu wa maneno mawili. Binti yake akisema "huyu ndiye", basi ndiye. Mbuzi wakishachinjwa hakuna kurudi kusema nilidhani. Kwa hiyo Wakesho alikuwa na siku chache za kujua analala na nani.

Jirani yake Philister, fundi wa cherehani aliyezaliwa Siaya, hakusaidia kuzima moto.

"Mimi sisemi kitu, Mwalimu," alisema, sindano mbili mdomoni, akimpima Wakesho kiuno cha gauni la Jumamosi. "Lakini wanaume wa huko kwetu magharibi, akija kazi huku, anakuja na jina moja na anaacha lingine linachunga nyumba."

"Chrispine si Mjaluo."

"Nimesema magharibi. Jua likienda kutua halichagui boma. Geuka." Akavuta tepu. "Umepungua. Ni gitaa hilo linakula chakula chako?"

Wakesho alirudi nyumbani na wazo lililomshika tangu Chrispine aseme utani wake. Ashike yeye. Kama jina lenyewe ndilo gumu, litamkwamisha hata yeye asiyekuwa na Nasambu yeyote moyoni. Kama si gumu, atajua.

Chekechea hufungwa adhuhuri. Chrispine hurudi jua likiwa limelala. Katikati ya hapo Wakesho alijifungia na gitaa. Alipata mafunzo kwenye simu, kijana fulani akionyesha vidole tu, uso haonekani. Gumba kwanza, alisema kijana. Gumba ni moyo, lipige hata ukisalimiwa. Wakesho alilipiga gumba hadi ngozi ikachubuka. Philister alipogonga mlango kuomba kiberiti, Wakesho alimjibu bila kuacha kupiga, akampa na habari za shule, na gumba likaendelea kivyake kama saa ya ukutani.

"Sasa mmeingiwa wote wawili," Philister alisema, akaondoka na kiberiti chake.

Kuimba juu yake kulikuwa kazi nyingine. Sauti ilipopanda, mkono ulipanda nayo. Sauti ilipovuta neno, gumba lilivuta. Ilikuwa kama kumshika mtoto mkono huku unamkimbiza mwingine. Wakesho alirudi kwenye yale aliyoyajua. Watoto wake huimba huku wakipiga makofi, na amewaona mara nyingi: neno walilolizoea hupita na makofi yanaendelea, wakifika kwenye neno wanalolitafuta, au jina la mtoto anayetazamwa na darasa zima, viganja vinasahau na kubaki hewani. Basi akaacha kupigana na wimbo. Akausema kwanza, kama mtu anayehesabu viazi. Kisha akaunung'unika. Kisha akauimba.

"Njia ni ndefu, Nasambu, treni haijafika."

Kwanza alikwama kwenye "treni". Halafu kwenye "ndefu". Kwenye Nasambu hakukwama hata mara moja. Jina lilipita kwenye kinywa chake kama jina la kituo.

Aliliegemeza gitaa ukutani polepole. Kwa hiyo mumewe alikuwa amemdanganya, na amemdanganya kwa kitu ambacho mtu anaweza kukipima.

Hata hivyo, haki ni haki. Huenda vidole vya Chrispine, vilivyozoea spana, vilikuwa na kasoro yao. Wakesho alitafuta jaribio la pili na akalipata katika jina lake mwenyewe. Wa-ke-sho. Na-sa-mbu. Urefu mmoja, mkazo katikati, yote mawili. Likiwekwa jina moja pahali pa jingine, kazi ya vidole haibadiliki hata chembe. Mkono ukisimama kwa Wakesho pia, kosa ni la vidole, na atamwomba mumewe msamaha kimoyomoyo. Usiposimama, hapo wataongea.

Jumapili, baada ya kanisa, wakiwa wamekula wali na maharagwe, alimwekea gitaa magotini.

"Wazee wanakuja Jumamosi," alisema. "Umesema utaimba mbele ya baba. Utamwimbia Nasambu?"

"Hapana, huo ni wa mazoezi."

"Basi zoea wa kweli. Weka jina langu."

Chrispine alimtazama, akatabasamu, akainama juu ya nyuzi. Gumba likaanza. "Njia ni ndefu, Wakesho, treni haijafika." Mkono haukusita. Akarudia, safari hii kwa madaha, kichwa kikiyumba, jina likipita laini kama mafuta ya nazi. Alimaliza wimbo wote kwa mara ya kwanza tangu alinunue gitaa lile.

"Umesikia?" alisema, uso umemng'aa. "Leo nimeweza."

"Nimesikia."

Hakuna aliyemwandaa kwa maumivu hayo. Alikuwa amejiandaa kumkamata mwongo; hakuwa amejiandaa kusikia jina lake likipita bila kugusa kitu.

"Endelea kupiga," alisema. "Gumba tu. Usiache. Nataka tuongee."

"Tuongee nikipiga?"

"Si ndiyo unajifunza? Mdomo huku, mkono huku."

Gumba likaanza tena, dum, dum, dum. Wakesho alivuta kigoda akaketi mbele yake, karibu, ambapo mwalimu huketi mtoto akificha kitu kiganjani.

"Kazini kukoje?"

"Kazini kuzuri. Mashine moja inasumbua." Dum, dum.

"Wajomba watafika lini?"

"Ijumaa jioni, Mungu akipenda."

"Una mke Kimilili?"

"Sina." Gumba halikutetereka. Wakesho alilitazama lile gumba pana lenye kovu la mashine, akaliamini kuliko alivyouamini uso.

"Nasambu ni nani?"

Gumba likasimama. Uzi mnene ulitetemeka wenyewe kidogo, ukatulia. Nje, kuku wa Philister walikuwa wakigombania ganda la tikiti.

"Wakesho," alisema Chrispine.

"Sikukuuliza jina langu. Hilo unalijua vizuri, limekupita kama maji."

Chrispine alilaza kiganja juu ya nyuzi zote. "Ni mtoto wangu. Yuko darasa la pili. Anakaa na mama yangu."

"Na mama yake?"

"Ameolewa Chwele, zamani. Hatuongei."

"Piga, useme tena."

"Wakesho, tafadhali."

"Piga."

Akapiga. Akasema tena: ameolewa Chwele, zamani, hatuongei. Gumba lilikwenda, bila furaha, lakini lilikwenda. Wakesho alimwacha arudie mara ya tatu kabla ya kuinua mkono wake kumsimamisha.

"Na mtoto ndiye unayetoka nje kuongea naye."

"Ndiye. Aliniomba wimbo wenye jina lake. Nilitaka nimpigie siku moja nikiwa naweza, asisikie baba yake akikwama. Kila nikifika hapo namwona ameshika simu ya nyanya yake kwa mikono miwili." Alijikuna shingo. "Nilifikiri nikikwambia mapema utaondoka. Baadaye nikafikiri nikikwambia nimechelewa utaondoka. Nikawa nangoja siku ya katikati."

"Siku ya katikati ilikuwa Jumamosi, mbele ya wazee?"

Chrispine alianza kukaza uzi ambao haukuwa umelegea.

Wakesho hakulia wala hakupiga kelele. Mtoto hakumkasirisha, mtoto hana kosa, na angempenda kwa wepesi, kazi yake ilikuwa kuwapenda watoto wa watu. Kilichomchoma ni ustadi. Mtu aliyeweza kula naye, kusali naye, kumwacha apimwe gauni, huku upande mmoja wa maisha yake ukienda kimya kivyake, mtu huyo alikuwa amejua kuunganisha mambo mawili muda mrefu kabla ya gitaa.

"Mpigie," alisema.

"Sasa?"

"Sasa. Na usitoke nje."

Alipiga simu, akaiweka sauti ya juu. Mama yake alipokea, wakasalimiana kwa Kibukusu, lugha ya kwao, kisha ikaja sauti nyembamba, yenye pua iliyoziba: "Baba? Wimbo uko tayari?"

Chrispine alifungua mdomo. Wakesho aliichukua simu kabla neno halijatoka.

"Nasambu, habari yako?"

"Mzuri. Wewe ni nani?"

"Mimi naitwa Wakesho. Naishi na baba yako huku Voi."

Mtoto alifikiri. Alisikika akifikiri, akivuta pumzi puani. "Baba alisema anaishi peke yake," alisema. "Alisema hakuna mtu wa kumpikia ndiyo maana hawezi kunichukua."

Wakesho alimwangalia mumewe. Chrispine aliangalia sakafu.

"Ngoja uongee naye, mama," Wakesho alimwambia mtoto kwa upole. Akaziba simu kwa kiganja. "Kumbe sikudanganywa peke yangu."

"Nitamweleza."

"Utamweleza sasa hivi. Na mimi nitampigia baba Werugha nimwambie wageni wa Jumamosi wangoje kidogo."

"Wangoje hadi lini? Wajomba wameshakata tiketi."

"Waje tu, watembee, waone ndovu kule Ndara, warudi. Mlimani hawapandi mpaka huyu mtoto ajue anaenda kuwa mtoto wa nani." Akamwekea simu mkononi. "Na mpaka mimi nijue kama hakuna wa tatu anayengoja wimbo."

"Hakuna."

"Tutaona."

Chrispine aliliegemeza gitaa kitandani, akaishika simu kwa mikono yote miwili. "Nasambu," alianza, akakwama, akaanza upya.

Mke mwingine angetoka chumbani, ampe mwanamume nafasi na mwanawe. Wakesho alikisogeza kigoda chake karibu zaidi, akakunja mikono, akasikiliza kila neno.