Bi Takriban na Pumzi ya Meya

Ofisini, kitengo cha mji cha kupima hewa, walimbandika jina la Bi Takriban, naye hakulichukia. Ukimwuliza mji unatoa hewa ukaa kiasi gani kwa mwaka, alikutajia namba mbili, ya chini na ya juu, kisha akakuambia ukweli umo humo katikati. Wenzake walicheka, yeye akaendelea kunywa chai yake.

Asubuhi hiyo meya alipanda ngazi mwenyewe hadi orofa ya mwisho, akihema. Meya huyo alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu alipofiwa na baba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ripoti yako nimeisoma. Umeandika hewa ukaa imepungua kwa asilimia sita. Safi kabisa. Halafu ukaiharibu mwenyewe: mara huenda ni kumi na tatu, mara huenda imeongezeka kidogo. Sasa mimi niseme nini?"

"Useme hivyohivyo."

"Mchana naongea na waandishi wa habari. Nataka sita. Hayo mengine futa, utie saini."

Mkataba wa kazi wa Bi Takriban ulikuwa ukingoni, na wa kuurefusha ni huyuhuyu. Lakini kazi hutafutwa nyingine. Mjomba hana wa pili, na hilo ndilo lililomtia hofu hasa. Akapiga moyo konde.

"Twende juu mara moja, mjomba."

Juu ya paa, kati ya matangi ya maji, palisimama mlingoti wenye bomba jembamba linalovuta hewa na kuipeleka kwenye kipimo cha hewa ukaa chenye kioo cha namba.

"Huku tuna mwiko mmoja," alisema. "Ukikaribia bomba, bana pumzi."

Meya hakuzoea kuambiwa abane chochote. Aliinama mdomoni pa bomba. "Kumbe ndio haka tu kanakotusumbua?"

Namba iliyokuwa mia nne na thelathini ikaruka hadi mia nane, ikavuka elfu. Meya akarudi nyuma.

"Kimeharibika?"

"Kizima. Hiyo ni pumzi yako."

Akasubiri mjomba amalize kujifuta jasho.

"Mji mzima nina vipimo vinne. Upepo ukigeuka, moshi wa viwanda unavipita kando. Umeme ukikatika watu wanawasha jenereta, na hakuna anayeniambia zimekunywa mafuta kiasi gani. Hayo yote nakadiria. Ila najua naweza kukosea kwa kiasi gani, na ndicho nilichoandika. Hilo nina uhakika nalo, na sifuti."

"Wakinicheka?"

"Leo watakucheka. Ukisema sita, mwakani namba ikapanda, watakuita mwongo. Njia ya mwongo ni fupi. Uliniambia wewe, siku nilipoficha kikombe nilichovunja."

Meya alivuta pumzi ndefu, akaibana, mashavu yakamvimba, akasogea tena kwenye bomba. Namba zilishuka taratibu hadi mia nne thelathini na moja. Zikawa mia nne ishirini na tisa. Zikapanda tena, thelathini na mbili. Machozi yalipoanza kumtoka ndipo akarudi nyuma na kupumua.

"Hata nikibana pumzi, namba haitulii," alisema.

"Haitulii, mjomba."

Mchana ukumbi ulijaa. Meya alisoma ripoti nzima, sita na "huenda" zake zote. Mwandishi mmoja akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kwa hiyo imepungua au haijapungua?"

Meya alitazama karatasi, kisha akatazama viti vya nyuma, alikokaa Bi Takriban.

"Inaelekea imepungua," alisema. "Kuapa siwezi. Tutaongeza vipimo, na atakayevisimamia ni yule pale, mtoto wa dada yangu. Yeye hanidanganyi."

Watu wakacheka kidogo, wakageuka kumtazama. Ndipo Bi Takriban alipogundua kwamba muda wote huo alikuwa amebana pumzi, kama aliyesimama kando ya bomba. Akaiachia.